Kofia, nanaa na wapanda farasi waliosahaulika

Jamani, kukesha kuna mengi. Nimewahi kukesha kwa ajili ya mpira, kwa ajili ya msiba, na mara nyingi tu kwa ajili ya habari ya kuwahi ukurasa wa mbele. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 5 Mei 2024, nilikesha kwa ajili ya farasi. Ndiyo, farasi! Mimi ambaye farasi pekee niliowahi kuwasogelea ni wale wa polisi.

Aliyeniponza ni rafiki yangu mmoja aliyesoma Kentucky, Marekani. Alirudi na digrii, na pia na ugonjwa wa mbio zinazoitwa Kentucky Derby. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, anasema, watu wa kule hualikana majumbani, wakavaa kofia za ajabu ajabu, wakala na kunywa mchana kutwa, kisha wote wakanyamaza mbele ya televisheni kwa dakika mbili tu. Mbio zenyewe hazizidi hapo sana: maili moja na robo, yaani kama kilomita 2. Mwaka ule zilikuwa zinatimiza mara ya 150, hivyo akatualika kwake Sinza. Masharti yalikuwa mawili: kila mtu aje na kofia, na asisinzie, kwa sababu huko wakianza jioni, huku inakuwa karibu saa nane usiku.

Basi tukaenda. Mmoja alikuja na kofia ya ukili ya bibi yake, mimi na baraghashia. Kinywaji cha sherehe hizi huitwa mint julep: wiski ya Kentucky aina ya bourbon, sukari, barafu iliyopondwa na majani ya nanaa. Bourbon ilitushinda bei, Konyagi ikashika nafasi yake. Wasiotumia kilevi walipewa nanaa na tangawizi, na kwa kweli ndio waliofaidi. Halafu ikaja kura. Majina ya farasi wote 20 yalitiwa kwenye ile kofia ya ukili, kila mtu akatoa buku mbili. Tulikuwa tisa, kila mmoja akaokota karatasi mbili, na mbili zilizobaki akajitwalia mwenye nyumba.

Kulikuwa na farasi mmoja anaitwa Sierra Leone. Hebu fikiria, Waswahili tisa usiku wa manane wanasikia jina hilo! Kila mtu alimtaka. Akaokotwa na dada mmoja mwalimu wa sekondari, na kuanzia hapo sebule nzima ikawa upande wake.

Ni dada huyo huyo aliyetuharibia starehe. Kamera ilipokuwa inawapitia wapanda farasi, akauliza: "Sasa mbona farasi ana jina la Afrika, lakini juu yake simwoni Mmarekani mweusi hata mmoja?" Tukacheka. Mwenye nyumba hakucheka. Akasema, "Hilo swali lina historia ndefu." Mwandishi wa habari akiambiwa hivyo hapati usingizi, kwa hiyo wiki iliyofuata nilisoma nilichoweza kukipata. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Turudi mwaka 1875. Tarehe 17 Mei mwaka huo, mbio za kwanza zilifanyika mjini Louisville. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani miaka kumi tu nyuma yake. Farasi walikuwa 15, na kati ya waliowapanda, 13 walikuwa watu weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis, mweusi, akiwa juu ya farasi aitwaye Aristides. Aliyemfundisha farasi huyo ni Ansel Williamson, mweusi pia, ambaye alizaliwa mtumwa.

Usishangae. Katika mashamba ya kusini mwa Marekani, waliolala zizini, waliolisha, waliotibu na waliowazoeza farasi kukimbia walikuwa watumwa. Utumwa ulipokwisha, ujuzi ulibaki mikononi mwao. Katika Derby 28 za mwanzo, 15 zilishindwa na wapanda farasi weusi. Hiyo ni zaidi ya nusu!

Mkubwa wao alikuwa Isaac Murphy. Alishinda Derby mwaka 1884, akarudia 1890, akarudia tena 1891. Alijulikana kwa utulivu, na alikuwa miongoni mwa wanamichezo waliolipwa vizuri kuliko wengi Marekani kwa wakati wake. Alifariki mwaka 1896, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Kaburi lake likapotea machoni pa watu, mpaka lilipokuja kutafutwa miongo mingi baadaye.

Mwaka huo huo aliokufa Murphy, Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha kutenganisha watu kwa rangi. Uwanjani hakukuwa na sheria ya kuwafukuza wapanda farasi weusi. Haikuhitajika. Wapanda farasi wazungu, waliokuwa wanazitamani zile fedha, waliwabana wenzao weusi kwenye uzio wakati wa mbio na kuwachapa kwa mijeledi. Mwenye farasi akiona mali yake inaweza kuvunjwa mguu, anafanya nini? Anamweka mzungu. Hivyo ndivyo watu walivyotolewa kwenye kazi waliyoijenga, bila barua ya kufukuzwa.

Wa mwisho wao kushinda alikuwa Jimmy Winkfield, mwaka 1901 na 1902. Maisha ya huyu bwana ni sinema. Milango ilipofungwa kwao, alikwenda Urusi, akawa bingwa huko. Mapinduzi yalipoitikisa Urusi, mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa waliowaswaga farasi zaidi ya 200 kutoka Odessa hadi Poland. Akahamia Ufaransa, akashinda tena. Mwaka 1961, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alialikwa Louisville kwenye karamu ya Derby iliyofanyika katika hoteli kubwa. Mlangoni akazuiwa. Mtu aliyeshinda mbio hizo mara mbili, mwenye mwaliko, aliambiwa haruhusiwi kupita mlango wa mbele! Baadaye walimruhusu, baada ya maelezo na kusubiri.

Sasa angalia na hizi sherehe za majumbani zilikotoka. Redio ilianza kuyapeleka matangazo ya Derby mbali mwaka 1925. Mwaka 1952 televisheni ikaionyesha nchi nzima. Hapo ndipo mtu wa mbali aliweza kuwaita majirani, akakoroga julep yake na kujiona yuko Louisville. Lakini kufikia wakati huo wapanda farasi weusi walikuwa wamekwisha kuondolewa. Tangu 1921 hakuna Mmarekani mweusi aliyepanda farasi katika Derby mpaka mwaka 2000, alipotokea Marlon St. Julien. Miaka 79! Kwa maneno mengine, picha iliyoingia sebuleni kwa watu ilikuwa imekwisha kusafishwa. Mtoto aliyekua anatazama Derby nyumbani kwao angeamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Hata wimbo. Kabla ya mbio, umati mzima husimama na kuimba "My Old Kentucky Home", wengine machozi yanawatoka. Wimbo huo, uliotungwa na Stephen Foster na kuchapishwa mwaka 1853, unahusu mtumwa anayeiaga Kentucky kwa sababu ameuzwa kusini zaidi. Frederick Douglass mwenyewe, aliyekuwa mtumwa, aliusifu kwamba unaamsha huruma dhidi ya utumwa. Leo unaimbwa na watu wenye kofia za maua kama wimbo wa kukumbuka nyumbani. Mwaka 1986 bunge la jimbo lilibadilisha neno moja la kuwadhalilisha watu weusi lililokuwamo. Neno likatoka, lakini wangapi wanaijua habari yenyewe?

Sisemi watu waache kualikana. Raha ya kukaa sebuleni na marafiki, kila mtu akimshangilia farasi wake, naijua sasa. Ninachosema ni hiki: sherehe nayo ni kitabu cha historia. Ikirudiwa kila mwaka, inawafundisha wageni nini cha kukumbuka na nini cha kusahau. Kofia tunazikumbuka, nanaa tunaikumbuka. Oliver Lewis je?

Na sisi tusijione wema sana. Tuna sherehe ngapi ambazo tunazijua ngoma na vyakula vyake, lakini aliyezianzisha hatumjui?

Mnataka kujua matokeo? Sierra Leone alikuja kwa kasi mwishoni, farasi watatu wakafika pamoja, ikabidi picha iamue. Alishindwa kwa pua. Kwa pua, jamani! Sebule ikanyamaza kama imefiwa. Aliyeshinda, Mystik Dan, alikuwa kwenye zile karatasi mbili zilizobaki, kwa hiyo fedha zetu zote zikabaki kwa mwenye nyumba. Mpaka leo tunamdai maelezo.

Yule dada mwalimu ametoa sharti. Akialikwa tena, kabla ya kuokota jina la farasi, kila mgeni ataokota kwanza jina la mpanda farasi wa zamani na kuwaeleza wenzake alikuwa nani. Mimi nimeshamchagua wangu. Nitasimama na baraghashia yangu kichwani, nitawasimulia habari za mzee Winkfield, na mlango wa mbele utakuwa wazi.