Sikukuu ya Taa Jijini Nairobi

Ukitaka kuiona Diwali jijini Nairobi, ewe msomaji, huna haja ya kuchagua usiku, kwani kalenda ya Wahindu imekwisha kukuchagulia ule wenye giza kuliko yote. Huadhimishwa usiku usio na mwezi, katika Oktoba au Novemba, nao ndio wakati wa mvua za vuli. Kwa hiyo mwenye kuwasha taa hapa hushindana na adui wawili, kiza na manyunyu. Taa yenyewe ni kibakuli cha udongo kienezacho kiganjani, chenye samli au mafuta na utambi wa pamba. Tone moja la mvua laweza kuizima. Hupangwa kwa safu vizingitini na madirishani, na maana ya jina la sikukuu ni hiyohiyo, safu ya taa.

Ukiuliza sababu, utapewa zaidi ya moja. Wahindu wengi watakuambia kwamba watu wa Ayodhya waliwasha taa kumpokea Rama aliporudi kutoka uhamishoni baada ya miaka 14. Wajaini humkumbuka Mahavira, mwalimu wao, aliyeuaga ulimwengu usiku huo. Masingasinga hukumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka katika ngome ya Gwalior. Taa ni moja na masimulizi ni matatu, wala hapana ugomvi.

Ilifikaje Nairobi? Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali hapa, palipokuwa uwanda wa majimaji, mwezi wa Mei 1899. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Kadiri ya 2,500 walikufa kazini, na zaidi ya 6,000 walibaki nchini. Hapa pana kosa lirudiwalo mara nyingi, kudhani kwamba kila mwenye duka ni mjukuu wa vibarua wale. Wengi wa wafanyabiashara walikuja kwa nauli yao wenyewe, kutoka Gujarat na Punjab, wakafuata reli kama wachuuzi wafuatavyo msafara. Mwaka 1902 tauni iliingia katika mabanda yao, na wakuu wa serikali wakaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Likajengwa upya. Mwaka uliofuata chama cha dini cha Arya Samaj kilianzishwa mjini.

Katika mtaa ambao leo waitwa Biashara, Diwali ilikuwa pia shughuli ya hesabu. Mfanyabiashara wa Kigujarati hufunga daftari za mwaka uliokwisha, akaweka mpya mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali, zikaombewa kabla ya kuandikwa tarakimu ya kwanza. Jaribu kufikiri: kitabu cha madeni chafukizwa ubani na kupakwa rangi nyekundu! Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya duka ana haki ya kuliombea.

Kumbuka pia kwamba idhini ya kuuza umeme Nairobi ilitolewa mwaka 1908. Kabla ya hapo kila nyumba iliangazwa kwa moto na mafuta, basi taa za Diwali zilipita za siku nyingine kwa wingi wake tu.

Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijichukulia miinuko ya magharibi yenye hewa safi, Waafrika wakasukumwa mashariki, na Wahindi wengi wakakaa Ngara, kisha Parklands. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wenye uwezo waliweza kuhamia Westlands, Kileleshwa na Lavington, na taa zikahama pamoja nao. Lakini nyumba nyingi hazikukaa na mwanga siku nyingi. Mwaka 1967 sheria mpya ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Wengi walikuwa wameshika pasi za Kiingereza, wakisitasita kuchagua. Na walipoanza kukimbilia Uingereza, nchi hiyo nayo ikafunga mlango wake kwa sheria ya Machi 1968. Katika hesabu ya watu ya 1962 walikuwa zaidi ya 176,000 nchini Kenya. Katika ile ya 1979 walikuwa kama 78,000. Hebu hesabu madirisha yaliyobaki na giza.

Waliosalia hawakuiacha sikukuu. Sheria ya Kenya huwapa Wahindu siku hiyo iwe mapumziko yao, na fataki haziruhusiwi ila kwa kibali cha serikali. Mwaka 1999 hekalu kubwa la Swaminarayan lilifunguliwa kando ya barabara iliyoitwa Forest, ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai. Ukilizuru wakati wa Diwali, vua viatu mlangoni, kisha tazama vyakula vingi visivyo na nyama vilivyopangwa kwa ngazi mbele ya sanamu.

Mwezi wa Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Kihindi ni kabila la 44 la nchi hii. Lilikuwa tangazo jema, ingawa lilichelewa miaka zaidi ya mia tangu reli ifike. Hata hivyo, tembea Parklands au Westlands usiku wa sikukuu, nawe utakutana kwanza na kuta. Ni ndefu, zina nyaya juu yake, na mpita njia huona tu cheche za fataki zinazoruka juu ya paa. Usitazame juu peke yake. Tazama chini penye malango: katika nyumba nyingine taa mbili tatu zimewekwa upande wa nje, barabarani, na manyunyu yakizizima huenda ukamwona mlinzi, aliyezaliwa Kakamega au Machakos, ameinama na kiberiti akiziwasha tena.