Kilo Kumi za Crisp

Kadi ya mbio za farasi ni waraka unaokufa mapema. Huchapwa kabla ya tukio, huuzwa langoni, na jua likizama nyingi huwa zimekwisha kutupwa chini. Ina kila kitu isipokuwa matokeo: jina la farasi, umri wake, mwenye mali, mkufunzi, joki, rangi za fulana ya joki, na uzito ambao farasi atabeba. Kwa anayesoma historia, huo ni utajiri. Nyaraka zetu nyingi ziliandikwa na watu waliokwisha kujua nani alishinda. Kadi iliandikwa na watu ambao hawakujua lolote, na walilazimika kukadiria.

Nataka kuisoma asubuhi moja kwa namna hiyo: Jumamosi ya tarehe 31 Machi 1973, uwanja wa Aintree, pembeni mwa jiji la Liverpool, siku ya Grand National. Mbio za mchana ule zimesimuliwa mno, na karibu kila anayesimulia huanzia mwisho: farasi aliyekuwa peke yake mbele kwa kilomita nyingi akapitwa hatua chache kabla ya mstari. Ukianzia hapo, unajikuta unatafuta wa kumlaumu. Mimi sidhani kwamba kuna wa kulaumiwa. Nadhani makadirio ya siku ile yalikuwa sahihi kupita kiasi, na ndiyo maana mpaka leo matokeo yale yanauma.

Wengi wetu farasi wa mbio tunawajua kwenye skrini za vibanda vya kubeti, wale wa katuni wanaokimbia kila baada ya dakika chache ili mtu aliyepoteza mkeka wa mpira apate pa kupotezea chenji. Mbio za kuruka viunzi ni kitu kingine. Husemwa kuwa zilianzia Ireland mwaka 1752, wanaume wawili waliposhindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakipita mashambani na kuruka kila ukuta na mtaro uliowakabili, mnara wa kanisa ukiwa ndio alama ya kulenga. Grand National huhesabiwa tangu mwaka 1839. Mwaka 1973 ilikuwa ya kilomita 7 na kidogo, kuruka mara 30, kwa kuzunguka uwanja mara mbili. Asubuhi ile kadi ilikuwa na farasi 38. Waliomaliza walikuwa 17.

Lakini jambo linaloifanya kadi hii iwe ya kusomwa ni mzigo. Tangu mwaka 1843 Grand National ni mbio za kusawazisha. Kuna mtu, tumwite msawazishaji, ambaye kazi yake ni kupitia rekodi za kila farasi aliyeandikishwa, nani alimshinda nani, kwa umbali gani, kwenye udongo mkavu au tope, kisha kumpangia kila mmoja uzito wa kubeba. Aliye bora hubebeshwa zaidi. Joki hupanda mizani akiwa na tandiko lake, na akipungukiwa, vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kilicho chini ya tandiko mpaka hesabu itimie. Ndoto ya msawazishaji, ambayo haijapata kutimia, ni kwamba farasi wote wafike mstarini pamoja.

Hebu fikiria sheria kama hiyo kwenye mpira. Hakuna anayeiambia Yanga iingie uwanjani na wachezaji tisa kwa sababu ilichukua ubingwa mwaka jana. Kwenye farasi, ubora wako wa jana ni deni la leo. Ireland katika miaka ya 1960 ilikuwa na farasi aliyeitwa Arkle, ambaye aliwazidi wenzake mno hata ikabidi ziandaliwe orodha mbili za mizigo: moja ya kutumika iwapo Arkle atakimbia, nyingine iwapo hatakimbia.

Tuifungue basi kadi ya 1973. Juu kabisa kuna farasi wawili wenye uzito wa juu unaoruhusiwa, ratili 168, yaani kilo 76. Wa kwanza ni Crisp.

Crisp alikuwa na miaka 10, mkubwa wa umbo, mwenye rangi ya giza, aliyeletwa kutoka Australia baada ya kukosa wa kumsumbua kwao. Mwaka 1971 alishinda mbio kubwa za mwendo mfupi za Cheltenham, maili mbili, kwa urefu wa farasi 25. Hilo si jambo la kawaida; mbio za ngazi hiyo kwa kawaida huamuliwa kwa urefu wa farasi wawili watatu. Mkufunzi wake alikuwa Fred Winter, na ukiniuliza ni jina gani kwenye kadi lilikuwa na uzito kuliko yote, nitataja hilo. Winter aliishinda Grand National mara mbili akiwa joki, 1957 na 1962, na mara mbili akiwa mkufunzi, 1965 na 1966. Mgongoni angekaa Richard Pitman.

Dhidi ya Crisp kulikuwa na mambo mawili, na yeyote aliyekaa na kalamu asubuhi ile aliyaona. La kwanza ni pumzi. Maili mbili si maili nne na nusu, na alipojaribiwa kwenye Gold Cup ya 1972, maili tatu na robo, alimaliza wa tano. La pili ni historia ya mzigo wenyewe. Farasi wa mwisho kushinda Grand National akiwa na ratili 168 au zaidi alikuwa Reynoldstown, mwaka 1936. Kwa muda wa miaka 37, vita kuu ikiwa katikati, kila bingwa aliyepangiwa uzito ule alishindwa. Mimi ningesita. Sina mazoea ya kubeti, lakini ningesita hata kwa pesa za mtu mwingine.

Wa pili kwenye uzito huo alikuwa L'Escargot, jina ambalo kwa Kifaransa maana yake ni konokono. Ni utani wa hatari kumpa farasi wa mbio, ila huyu aliubeba vizuri: alishinda Gold Cup ya Cheltenham mara mbili mfululizo, 1970 na 1971. Pumzi alikuwa nayo. Aintree, hata hivyo, ilikuwa imeshamkataa mara moja, kwani mwaka 1972 hakumaliza mbio. Spanish Steps naye alikuwa jirani yao kwa uzito, mwaminifu, wa kumaliza nafasi za juu. Wengi wa waliobaki chini walikuwa ni wa kujaza uwanja, na hilo nalisema bila dharau kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwaka 1967.

Mwaka huo farasi aliyetangulia bila mpandaji, Popham Down, alikata njia mbele ya kiunzi cha 23 na kundi zima likarundikana. Foinavon, aliyekuwa na odi za mia kwa moja, alikuwa nyuma sana kiasi kwamba joki wake, John Buckingham, alipata muda wa kuona mwanya. Alipita, akashinda kwa urefu wa farasi 15. Mkufunzi wake hakuwa hata uwanjani. Alikuwa Worcester na farasi mwingine. Baada ya 1967 hakuna mtu mwenye akili aliyeweza kusema kwamba amekadiria Grand National. Unakadiria nani angeshinda kama wote wangebaki wima.

Siku moja kabla ya kioja hicho, uwanja uleule, mtoto wa farasi wa miaka miwili alikimbia mbio yake ya kwanza kabisa, ya mwendo mfupi isiyo na viunzi, ya daraja la chini. Alifika sare na mwenzake. Jina lake lilikuwa Red Rum.

Mwaka 1973 Red Rum alikuwa na miaka 8 na uzito wa ratili 145, karibu kilo 66. Alikuwa amepita mikono mingi, na alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa unyayo ambao kwa farasi wengi ni mwisho wa kazi. Agosti 1972 Ginger McCain alimnunua Doncaster kwa gini 6,000 kwa niaba ya Noel Le Mare, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyetaka kuishinda Grand National kabla hajafa. McCain alikuwa dereva wa teksi na muuza magari yaliyotumika mjini Southport. Zizi lake lilikuwa nyuma ya yadi ya magari. Hakuwa na viwanja vya mazoezi. Alikuwa na ufuko. Aliwakimbiza farasi wake kwenye mchanga maji yakikupwa, na Red Rum alipoonekana kuchechemea, McCain alimwingiza baharini. Akatoka anatembea vizuri. Sisi wa pwani tusishangae sana. Nani hajawahi kuambiwa aende akatie mguu kwenye maji ya chumvi? Msimu ule Red Rum alianza kwa kushinda mbio tano mfululizo.

Sasa kadi iko wazi mezani. Bingwa mwenye mashaka ya pumzi na kilo 76. Mgonjwa aliyepona, mwenye kilo 66. Wabetishaji walipima na kushindwa kuchagua: Crisp na Red Rum walianza wakiwa sawa, tisa kwa moja, L'Escargot akiwafuata kwa kumi na moja kwa moja. Naomba msomaji alikumbuke hilo. Kabla ya farasi hata mmoja kuinua mguu, soko na msawazishaji walikuwa wamekubaliana kwamba kilo 10 na ushee zinatosha kumshusha farasi mmoja mpaka usawa wa mwingine.

Mbio zenyewe nitazipitia haraka. Crisp alishika uongozi kwenye mzunguko wa kwanza, akawa anaruka kana kwamba viunzi vile vikubwa ni vya mazoezi. Walipofika kiunzi kirefu kuliko vyote, kiitwacho The Chair, alikuwa amewaacha wenzake kwa takribani urefu wa farasi 20. Aliyekuwa wa pili pale, Grey Sombrero, alianguka, akavunjika bega na ikabidi auawe. Kadi haina safu ya hilo. Nimesoma masimulizi mengi ya siku ile ambamo Grey Sombrero hatajwi, na mengine ambamo anatajwa ili tu kueleza kwa nini Crisp alibaki peke yake. Nami nimemtaja hapa hapa, kwa sababu hiyohiyo, na sijapata namna nzuri zaidi ya kufanya hivyo.

Mzunguko wa pili, Brian Fletcher aliyekuwa juu ya Red Rum alijitoa kwenye kundi na kuanza kufukuza. Kwenye kiunzi cha mwisho Crisp bado alikuwa mbele kwa takribani urefu wa farasi 15, lakini miguu ilikuwa imeisha. Kutoka pale mpaka mstarini ni zaidi ya mita 450 za kukimbia tu, zikiwa na kona ndogo ya kukata kulia. Pitman aliinua fimbo kwa mkono wa kulia. Crisp akakwepa kushoto, nje ya njia. Red Rum alimpita karibu na mstari na kushinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Dakika 9 na sekunde 1.9. Rekodi ya awali, ya Golden Miller mwaka 1934, ilikuwa dakika 9 na sekunde 20.4. L'Escargot, wa tatu, alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 25 zaidi.

Pitman mwenyewe kwa miaka mingi alijilaumu kwa fimbo ile. Watu wengi wamemkubalia, kwa huruma. Lakini tazama tarakimu. Mazoea ya wasawazishaji kwenye mwendo mrefu ni kuhesabu ratili moja kuwa takribani urefu wa farasi mmoja. Kati ya wale wawili kulikuwa na ratili 23. Baada ya kilomita 7 na kuruka mara 30, walitengana kwa robo tatu ya urefu. Kama kazi ya msawazishaji ni kuwafanya farasi wafike pamoja, basi kwa farasi hawa wawili alikaribia kufanikiwa kuliko binadamu yeyote anavyoweza kutarajia. Fimbo ya Pitman iliamua sentimita za mwisho. Ratili 23 ziliamua kwamba kuwe na sentimita za kugombania.

Na hapo ndipo nisipokubaliana na wanaosema ilikuwa dhuluma. Usawa wa aina hii haudai kumzawadia aliye bora. Unadai kumpa kila mtu langoni sababu ya kutazama. Anayetaka kujua nani bora anahitaji mbio za mzigo sawa, na jambo la bahati ni kwamba jaribio hilo lilifanyika. Novemba ya mwaka uleule, Doncaster, Crisp na Red Rum walikutana tena wakiwa na uzito mmoja. Crisp alishinda kwa urefu wa farasi wanane.

Nane, si ishirini na mbili kama hesabu ya Aintree ingependekeza. Umbali ulikuwa mfupi zaidi, na Red Rum alikuwa farasi anayekua. Mwaka 1974 msawazishaji alimpangia ratili 168, mzigo uleule. Alishinda, wa kwanza kufanya hivyo tangu Reynoldstown, na L'Escargot akawa wa pili. Jina la Crisp halikuwemo kwenye kadi.