Bakuli la Supu Safarini

Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa kutafsiri hadithi umo katika mawazo makubwa, kama vile mapenzi, kifo na heshima. Mimi naona mawazo hayo husafiri bila taabu. Vinavyokwama njiani ni bakuli na sakafu.

Tuchukue hadithi fupi ya Mkorea Hyun Jin-geon, iliyotoka mwaka 1924, Korea ilipokuwa chini ya utawala wa Japani. Mvuta riksho maskini wa mjini Seoul anapata abiria wengi siku ya mvua. Mkewe mgonjwa amekuwa akiitamani supu iitwayo seolleongtang. Usiku mume anarudi nayo, na kumkuta mke amekwisha kufa.

Je, mtafsiri anayemwandikia Mmalei aiite nini supu hiyo? Wamalei wanayo supu yao ya mifupa, sup tulang, yenye viungo tele. Seolleongtang hutokana na mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi hata mchuzi ukawa mweupe kama maziwa, na mlaji huitia chumvi mwenyewe. Akiandika sup tulang, msomaji atasikia harufu ya jiko jingine. Akiacha jina la Kikorea likiwa peke yake, hatasikia harufu yoyote, na msiba utapungua uzito. Mimi ningeliacha jina, nikatia mifupa na mvuke katika sentensi ileile.

Sakafu nayo ina mambo yake. Katika nyumba ya kale ya Kikorea, moshi wa jikoni hupitishwa chini ya sakafu ili kuipasha joto, ndiyo ondol. Nyumba ya kale ya Kimalei husimama juu ya nguzo ili upepo upite chini na kuipoza. Basi mwandishi wa Kikorea akisema sakafu imepoa, anasema ukiwa umeingia nyumbani. Mmalei aweza kudhani mambo ni mazuri!

Hata hivyo, pana mahali lugha hizi zinapokutana. Mkorea husema byeo, ssal, bap. Mmalei husema padi, beras, nasi. Nasi twasema mpunga, mchele, wali. Kiingereza kwa kawaida hutumia neno moja kwa vyote vitatu. Hadithi ikipitia Kiingereza kabla ya kufika Kuala Lumpur, mtafsiri hulazimika kubahatisha kama mama yule alikuwa akipepeta au akipakua.

Mwaka 1982 Malaysia ilitangaza Sera ya Kutazama Mashariki, na vijana wakapelekwa Japani na Korea Kusini kujifunza ufundi na bidii ya kazi. Kwangu mimi, faida isiyotajwa sana ni kwamba walirudi na lugha pia. Majirani wawili walao wali hawana haja ya kuazima kinywa cha mla ngano ili kuulizana habari za jikoni.