Uta, Gobori na Mauser: Wawindaji wa Bara Iliyo Mbele ya Ndau

Ndau ni kisiwa cha wavuvi. Lakini ukivuka kwa mashua hadi Kiangwe, upande wa bara, umeshaukaribia msitu wa Boni na Dodori, na huko kuna historia ya uwindaji ambayo sisi Wabajuni tumeishi nayo mlangoni bila kuiandika. Mimi niliipata kwa ami yangu, aliyekuwa akiwabebea mizigo wawindaji wa leseni kabla ya 1977. Ukimuuliza bunduki ipi ilikuwa nzuri, hakutaja nguvu wala bei. Alikuwa akisema, "Ile ambayo saa tisa alasiri bado unaitaka begani."

Waliojua mwanzo thamani ya silaha nyepesi ni Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Leo vijiji vyao, Mangai, Basuba, Milimani na Mararani, viko kwenye njia ya kwenda Kiunga, lakini kabla ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 walikuwa wakihamahama msituni kufuata asali na nyama. Mwindaji alitoka na uta, podo la mishale na kisu, basi. Mshale wenyewe haumwangushi nyati. Kazi ni ya sumu, inayopikwa kwa kuchemsha vipande vya mti wa msunguti kwa saa nyingi mpaka ibaki nzito na nyeusi kama lami. Hupakwa shingoni mwa mshale, kisha huzungushiwa ukanda wa ngozi isikauke, maana ikikauka hupungua makali. Ikishaingia kwenye damu, moyo husimama. Waata wa upande wa Tsavo walikuwa na uta mgumu wa kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 45, na kwa huo waliua tembo. Silaha ya namna hiyo inamtaka mwenyewe afike karibu sana na mnyama, ajue upepo unatoka wapi, na ajue moyo uko wapi ndani ya kile kifua kikubwa. Pembe ziliteremshwa pwani, zikabadilishwa kwa nguo katika miji yetu.

Gobori lilipoenea karne ya 19, halikuwa rahisi kwa mtu wa miguu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia risasi, unashindilia tena, na mvua ya masika ikikukuta baruti yako imeharibika. Wazungu nao walikuja na mizigo yao. Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, alifika Lamu miaka ya 1880 akawinda Manda na bara. Zama hizo bunduki kubwa kabisa za tembo zilikaribia kilo 10. Hakuna aliyezibeba mwenyewe mchana kutwa. Zilibebwa na mpagazi aliyetembea nyuma, na mwenye safari alinyoosha mkono tu pale mnyama alipoonekana.

Kilichogeuza mambo ni baruti isiyotoa moshi, pamoja na bunduki ya komeo ya akina Mauser wa Ujerumani. Komeo liko kulia, juu ya kifyatulio. Unalinyanyua, unalivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje; unalisukuma mbele, risasi nyingine inapanda kutoka ghalani, unalilaza, umefunga. Vyuma ni vichache na matengenezo ni madogo. Risasi yenyewe ikawa nyembamba, milimita 7 au hata 6.5, na bunduki nzima ikashuka hadi kilo tatu na nusu au pungufu.

Aliyeutumia wepesi huo kuliko wote Afrika Mashariki ni Mskoti Walter Bell, aliyezaliwa 1880 na kuitwa "Karamojo" kwa sababu ya miaka aliyowinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, tangu 1902. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby-Mauser ya milimita 7. Alimpasua tembo kichwa kwa msumeno katikati ili aone ubongo umekaa wapi, na baada ya hapo hakuhitaji bunduki ya kumpiga teke la bega. Nasema wazi kwamba idadi ile inaniumiza. Hata hivyo ufundi wake ni ule ule wa Mwaaweer: ujue mwili wa mnyama, na silaha nyepesi itatosha.

Wepesi pekee nao hautoshi. Arthur Neumann, aliyewinda kaskazini ya Kenya na Lee-Metford, alivuta kifyatulio mwaka 1896 mbele ya tembo jike anayemjia, na bunduki haikulia. Alinusurika na majeraha mabaya. Ndiyo maana wawindaji waliopanda Aberdare na Mlima Kenya kumfuata bongo ndani ya mianzi, kwenye mteremko wenye matope na ukungu, walipenda komeo la Mauser, lenye ukucha mpana unaoikamata risasi tangu inapotoka ghalani.

Sheria ilikwenda na mwenye fedha. Theodore Roosevelt alipofika Mombasa Aprili 1909, leseni ya kuwinda ilikuwa rupia 750, sawa na pauni 50. Mwaaweer angezitoa wapi? Mwenye bunduki ya komeo ya Springfield alipewa idhini. Mwenye uta akawa mhalifu katika msitu wa babu zake. Hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa 1976, na mwaka uliofuata Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa burudani. Silaha zilizowamaliza tembo hazikuwa uta wala Mauser bali bunduki za rashasha: Kenya ilikuwa na tembo takriban 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walibaki kama 16,000.

Wazee wa Kiaweer waliowahi kupika sumu ya msunguti wanazidi kupungua. Wanajua njia za tembo, visima, miti ya nyuki na mahali nyamera wanapozalia kule Dodori. Shirika la Wanyamapori na serikali ya kaunti ya Lamu wawaajiri watoto wao kulinda msitu ule, na wenye kalamu waende Basuba na Mangai wakayaandike maarifa hayo kwa idhini ya wenyewe, wazee wangali hai.