Kundi la mastaa hudumu kwa makubaliano, si kwa majina

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa lakini riziki yangu iko Nakuru, ambako nakodisha spika, maikrofoni na jenereta. Harusi za Bondeni huniita na taarab, Njoro huniita na mugithi, na ukielekea upande wa Kericho ni nyimbo za Kikalenjin. Sasa waimbaji watatu wa huku, kila mmoja na wapenzi wake, wanataka kuunda bendi moja kabla ya Desemba. Tayari wanatafuta mkopo wa kununua vyombo. Wameniuliza kama jambo hilo litafaulu. Jibu langu naliandika hapa, kwa sababu najua hata Pwani vijana wanawaza hivyo hivyo.

Wa kwetu walifanyaje

Mfano wa karibu ni Equator Sound Band, bendi ya studio ya Equator jijini Nairobi katika miaka ya 1960. Kiongozi alikuwa Fadhili William, mwana wa Taita, ambaye wengi wanamjua kwa wimbo Malaika. Pamoja naye walikuwemo Daudi Kabaka, mfalme wa twist, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Peter Tsotsi na Nashil Pichen. Hawa wote walikuwa watunzi na wapiga gitaa, na kila mmoja angeweza kusimama peke yake.

Kilichowashikilia ni mambo matatu. Walikuwa na nyumba moja, yaani studio. Walikuwa na kiongozi mmoja anayejulikana. Tena kila mtunzi alipata zamu yake: leo unaimba wewe mimi nakupigia gitaa, kesho unanipigia mimi. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulifika Uingereza na ukarekodiwa na kundi la The Tremeloes mwaka 1968.

Baadaye walitawanyika. Pichen na Tsotsi walivuma na Eagles Lupopo, na Omolo akatoka na Lunch Time akiwa na Apollo Komesha. Hata hivyo, zile kazi za pamoja bado zinapigwa hadi leo.

Pesa huleta watu, haiwaweki

Dar es Salaam kuna somo jingine. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound, akawachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, wakiwemo Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mashabiki waliipenda, na mtindo wake wa Ndekule ukatikisa mji. Lakini baada ya miaka michache bendi ikafa, Gurumo akarudi Msondo. Mlimani Park iliyonyang'anywa watu wake ndiyo iliyobaki, kwa sababu ilijaza nafasi zilizoachwa na kuendelea na kazi.

Kila mtu na kiti chake

Wakongo wanne walioungana Paris mwaka 1982 wakajiita Les Quatre Étoiles, Nyota Wanne, walijipanga vizuri zaidi. Nyboma na Wuta Mayi ni waimbaji, Syran Mbenza na Bopol Mansiamina ni wapiga magitaa. Hakuna aliyekalia kiti cha mwenzake. Tena hawakukatazana: kila mmoja aliendelea kutoa sahani zake nje ya kundi, kwa hivyo hakuna aliyejiona amefungwa.

Wazungu nao wana kisa chao. Mwaka 1988 George Harrison, Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty na Jeff Lynne walitoa sahani wakijiita Traveling Wilburys. Kwenye jalada hawakuandika majina yao. Kila mmoja alijipa jina la kubuni la ukoo wa Wilbury. Ukubwa waliuacha mlangoni pamoja na viatu.

Kabla ya kukopa

Nimeshafunga vyombo vyangu uwanjani na kuvifungua bila hata wimbo mmoja kupigwa, kwa sababu waimbaji wawili waligombania jina la nani litangulie kwenye bango. Mwenye shughuli alipata hasara, na mimi sikulipwa. Kwa hivyo hawa watatu nimewaambia waandike mambo haya na kutia sahihi mbele ya shahidi:

1. Nani kiongozi, na kwa muda gani.
2. Majina yatafuatana vipi kwenye bango, na nani atapanda jukwaani mwisho.
3. Wimbo ni wa nani. Usajiliwe kwa Halmashauri ya Hakimiliki, KECOBO, kwa jina la mtunzi kabla haujatoka. Malaika umegombaniwa miaka na miaka, msirudie yaleyale.
4. Malipo yagawanywe vipi, na wapiga vyombo wasio mastaa wapate kiasi gani. Hao wakiondoka, hakuna bendi.
5. Kila mmoja aruhusiwe kazi zake binafsi siku gani.
6. Bendi ikivunjika, vyombo ni vya nani na deni ni la nani.

Hilo la sita ndilo waliloliogopa. Mmoja alisema kuzungumzia kuvunjika kabla ya kuanza ni kujitakia mkosi. Mimi nasema mkopeshaji hatajali mkosi. Atakuja nyumbani kwa yule aliyetia sahihi. Wakikubaliana juu ya sita, nitawapa vyombo vyangu kwa maonyesho mawili ya kwanza bila malipo. Wakishindwa, wasikope.