Kwa nini plazma inagoma kukaa ndani ya sumaku?

Ukipita gereji za kuchomelea Kahama au Katoro, ule mwanga mkali unaoumiza macho ni plazma: gesi iliyopata nguvu nyingi mpaka elektroni zikaachana na atomu zake. Radi za Geita msimu wa mvua nazo ni plazma. Jua pia.

Wanasayansi wanataka itupe umeme. Wanachukua aina mbili za hidrojeni, deuteriamu na tritiamu, wanazipasha hadi nyuzi joto milioni 150 ili viini viungane na kutoa nishati. Sasa chombo gani kitabeba joto hilo? Hakuna. Tungsteni, ile iliyomo kwenye biti za wachorongaji wa migodini na inayochimbwa hapo jirani Rwanda, inayeyuka kwa nyuzi 3,422 tu. Ndiyo maana plazma inashikiliwa na sumaku isiguse ukuta, ndani ya mtambo wenye umbo la tairi unaoitwa tokamaki.

Mwaka 1982, kwenye mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Friedrich Wagner aliona jambo la ajabu. Joto likipita kiwango fulani, plazma inajijengea yenyewe kizuizi pembeni, na joto linakaa ndani karibu mara mbili zaidi. Hii inaitwa hali ya H.

Ila ina ubaya wake. Fikiria sufuria ya maharage uliyoifunika: mvuke unajaa, kifuniko kinanyanyuka, povu linamwagika, kinashuka, halafu inaanza upya. Plazma nayo inalipuka pembeni hivyo hivyo, kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, ikirusha joto ukutani. Mitambo midogo inavumilia. Kwenye ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, milipuko hiyo inaweza kuyeyusha uso wa tungsteni, na tungsteni ikiingia kwenye plazma inaipoza.

Dawa zipo mbili kubwa. Moja ni kurusha vidonge vya hidrojeni iliyoganda ili milipuko iwe midogo na ya mara kwa mara. Nyingine, iliyoonyeshwa kwenye mtambo wa DIII-D huko San Diego, Marekani, ni kuivuruga kidogo sumaku ya pembeni ili presha ivuje taratibu. Ni kama kutoboa kifuniko, na kwa kweli ndiyo yenye akili zaidi. Ugumu ni kwamba ukitoboa sana, joto lote linakimbia.

Na tumefika wapi? Oktoba 2023 mtambo wa JET, Uingereza, ulitoa megajuli 69 kwa sekunde 5, kwa mafuta ya miligramu 0.2 tu. Kwa hesabu ya LUKU ni kama yuniti 19. Lakini hilo ni joto, bado si umeme, na mtambo wenyewe ulikula zaidi ya hizo.