Fidla kwa Peni Chache

Ukichungulia ndani ya fidla kuukuu ya Kiingereza, kupitia ule mwanya wenye umbo la herufi f, huenda ukakuta kikaratasi kilichobandikwa kwenye ubao wa chini, kimegeuka rangi kama kimelowekwa chai. Kimeandikwa "The Maidstone", na chini yake jina la kampuni ya Murdoch ya London. Mafundi hawazithamini sana fidla hizi. Zilikuwa za bei ya chini, nyingi zikitoka Ujerumani, kwenye vijiji vya mafundi karibu na Markneukirchen, ambako familia moja ilichonga shingo tu, nyingine migongo tu, kisha mfanyabiashara akaziunganisha na kuzisafirisha.

Mimi nazithamini kwa sababu nyingine. Wazo kwamba mtoto asiyejua hata kushika upinde anaweza kukaribishwa kwenye okestra ya shule, akapewa kiti cha nyuma na kuanza, linatokana kwa sehemu kubwa na vikaratasi hivyo.

Kabla ya hapo, fidla ilifundishwa mtu kwa mtu. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, chumba kimoja, na ada kwa kila somo. Mzazi wa mjini au shambani aliyelipwa kwa wiki hakuwa na cha kumpa mwalimu huyo. Tena chombo chenyewe hakimsaidii anayeanza. Piano ukiibonyeza inatoa noti sahihi hata kama umeketi kwa makalio ya wasiwasi. Fidla haina alama mahali pa kuweka vidole. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imekwishapotea. Upinde nao una kisa chake: ukiukandamiza unakwaruza, ukiulegeza unapiga mluzi. Ndiyo maana watu waliona kuwa kumfundisha mmoja tayari ni mtihani, na kuwafundisha 20 kwa pamoja ni wazimu.

Mwishoni mwa karne ya 19, mji wa Maidstone, katika jimbo la Kent, ukajaribu wazimu huo. Ilikuwa mwaka 1897 hivi, katika shule ya msingi ya kawaida, ya watoto wa watu wa kawaida. Kampuni ya Murdoch ilileta kila kitu: fidla, upinde, kasha, vitabu vya noti, hata mpango wa kupata mwalimu. Mzazi hakutakiwa kutoa fedha zote kwa pamoja. Alilipa peni chache kila wiki mpaka fidla ikawa yake. Darasa lilifundishwa kwa mkupuo, wote wakianza na nyuzi zilizo wazi bila kubana kidole, mwalimu akihesabu kwa sauti.

Tusijidanganye: Murdoch alikuwa muuzaji. Shule iliyojaa watoto wasio na fidla kwake ilikuwa soko. Sijaona sababu ya kumvisha joho la utakatifu, wala ya kumlaani. Watu wengi waliokuwa na mapenzi safi kwa muziki hawakuwa wamefikiria kwamba mtoto wa fundi viatu angependa kupiga fidla. Mtu wa biashara alilifikiria kwa sababu alikuwa na fidla za kuuza.

Muongo mmoja baadaye, harakati hiyo ilikuwa imefika kwenye shule takriban 5,000, na watoto wapatao 400,000 walikuwa wakijifunza: karibu mmoja katika kila 10 wa shule za serikali nchini Uingereza. Mwaka 1905 watoto 700 walipiga pamoja kwenye ukumbi wa Alexandra Palace, London, na baadaye maelfu wakakusanywa Crystal Palace. Najaribu kuisikia sauti ile. Haikuwa nzuri, nadhani. Mwalimu mwenye watoto 30 mbele yake hawezi kuukagua mkono wa kila mmoja, na kosa lililozoeleka mwaka wa kwanza hukaa mkononi kwa miaka. Hapo wanaopinga ufundishaji wa pamoja wana hoja. Ila ndani ya umati ule kila mtoto alipata kitu ambacho chumba cha mwalimu wa faragha hakikuweza kumpa: alikosea na hakuna aliyegeuka kumtazama. Jirani yake alikuwa amekosea pia.

Mwaka 1910 msimamizi wa muziki wa shule za Boston, Albert Mitchell, alikwenda Uingereza kulitazama jambo hilo. Aliporudi alianzisha madarasa ya fidla baada ya masomo, akaandika kitabu cha kufundishia fidla darasani. Kutoka hapo utaratibu ukasambaa Marekani hadi ukawa jambo la kila siku. Mtoto wa miaka 10 analeta fomu nyumbani, mzazi anakwenda dukani kukodi fidla kwa mwezi, na kodi hiyo mara nyingi huhesabiwa kama malipo ya kuinunua. Peni za Maidstone zimebadilika sarafu tu. Kwao Uingereza, vita vya 1914 viliifunga njia ya bidhaa za Kijerumani, na kufikia miaka ya 1930 harakati ilikuwa imefifia.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa. Shule za Uingereza zilikuwa tayari na njia nyingine ya kuwapa muziki watoto wa maskini: tonic sol-fa, ule mfumo wa do-re-mi ambao mchungaji John Curwen aliueneza karne ya 19. Haukuhitaji chombo chochote, ubao na chaki vilitosha. Wamisionari waliubeba hadi Afrika Mashariki, ukaingia kwenye vitabu vya nyimbo na kwaya za shule, na mpaka leo kuna wanakwaya wanaosoma do-re-mi kwa kasi kuliko gazeti. Nusu ya pili, ile ya fidla, haikusafiri hivyo. Sauti mtoto huja nayo shuleni. Fidla lazima mtu ainunue, na hakuna Murdoch aliyemwona mtoto wa Kiafrika kama mteja.

Siyo kwamba fidla ilikuwa ngeni kwetu. Mwaka uleule wa 1905, Unguja, ilianzishwa Ikhwani Safaa, klabu ya taarab, na safu ya fidla imekuwa moyo wa taarab ya Unguja kwa vizazi. Lakini mlango wake ulikuwa klabu, si shule. Ulijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa anayejua, ukisikiliza na kusubiri, na ilikubidi uwe wa mtaa ule, na mara nyingi uwe mwanamume. Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Unguja mwaka 2002, iliweka darasa pale palipokuwa na klabu. Msichana anaweza kuingia na kusema hajui kitu. Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifanya jambo la namna hiyo tangu mwaka 2008, jirani na jaa la Dandora.

Shule niliyosoma ilikuwa na fidla mbili. Zilikaa kwenye kabati la vioo nje ya ofisi ya mkuu, msaada kutoka kwa wageni fulani, na kila siku ya wazazi kabati lilifutwa vumbi. Kwaya yetu ilikuwa hodari. Tuliimba sauti nne mbele ya kabati hilo. Kidato cha pili nilimwuliza mwalimu wa zamu kama naweza kujaribu moja. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, unajua kupiga?" Nikasema sijui. "Basi utaiharibu," akasema.

Ilikuwa na nyuzi mbili tu. Nyingine mbili zilikuwa zimekatika, zimejikunja juu ya ubao, na upinde ulikuwa umenyonyoka nywele zote.